Ijumaa Hadi Jumapili: Siku Tatu Zinatoka Wapi?

Kwaresima ikielekea mwisho, swali hili halikosi kuzuka katika darasa langu la kipaimara huku Mbagala. Safari hii aliyeuliza ni binti wa darasa la saba, na alikuja amejiandaa. "Mwalimu, Yesu alisema atakaa ardhini siku tatu, mchana na usiku, kama Yona tumboni mwa samaki. Mimi naona usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi tu. Wa tatu uko wapi?"

Hoja hiyo ina wenyewe. Wapo wahubiri wanaofundisha kwamba Yesu alisulubiwa Jumatano, akazikwa jua likizama, akafufuka Jumamosi jioni: saa 72 kamili. Tusiwabeze, maana wanasoma. Marko anaeleza kuwa wanawake walinunua manukato sabato ilipokwisha. Luka anaeleza kuwa waliyatayarisha kwanza, ndipo wakapumzika sabato. Basi, wanasema, wiki ile ilikuwa na sabato mbili, ya sikukuu na ya Jumamosi, na katikati ikawepo siku ya kwenda sokoni. Tena Yohana mwenyewe anaiita sabato ile kubwa.

Lakini hesabu hiyo inakwama njiani kwenda Emau. Jumapili ileile, wanafunzi wawili wanamweleza mgeni waliyekutana naye kuwa leo ni siku ya tatu tangu mambo yale yatokee. Ukianzia Jumatano, Jumapili haiwi ya tatu hata uhesabuje.

Wayahudi wa wakati ule walihesabu kipande cha siku kuwa siku. Esta anawaagiza watu wake wafunge siku tatu, usiku na mchana. Siku ya tatu, kabla hata haijaisha, anaingia kwa mfalme. Yusufu anawaweka ndugu zake kifungoni siku tatu, na siku ya tatu anazungumza nao. Mfano mzuri zaidi umo katika Mathayo 27. Wakuu wa makuhani na Mafarisayo wanamkumbusha Pilato kuwa Yesu aliahidi kufufuka baada ya siku tatu, halafu papo hapo wanaomba kaburi lilindwe mpaka siku ya tatu. Kwao yote mawili yalikuwa kitu kimoja.

Nilimuuliza yule binti: jirani akizikwa Ijumaa alasiri, matanga yanaanuliwa lini? Darasa zima likajibu: Jumapili. Wote wameliona turubai linavyofunguliwa, viti vya plastiki vikirudishwa kwa mwenyewe, akina mama wakikunja mikeka waliyolalia, na daftari la rambirambi likisomwa mbele ya wafiwa. Tunasema ni siku ya tatu, na sijaona mtu akitoa simu kukagua kama saa 72 zimetimia.

Saa anazotaja Marko nazo, zikisomwa peke yake, hazitupi shida. Marko anasema Yesu alisulubiwa saa tatu, giza likaingia saa sita, na saa tisa akalia kwa sauti kuu. Ni saa zetu hizihizi, zinazohesabiwa tangu jua kuchomoza. Ndiyo maana makanisa mengi huanza ibada ya Ijumaa Kuu saa tisa alasiri, jua likiwa bado linachoma bati.

Siku nayo ilianza magharibi, kama wazee wa Pwani wanavyohesabu mpaka leo: ukimwambia mzee wa Temeke usiku wa Ijumaa, anaelewa usiku unaofuata Alhamisi. Hapo unaelewa haraka ya Yusufu wa Arimathaya, aliyemzika Yesu. Jua likizama, sabato imeingia, na mwili hauzikwi tena. Kwa hiyo Ijumaa kabla ya magharibi ni siku ya kwanza, Jumamosi nzima ni ya pili, na Jumapili, iliyoanza Jumamosi jioni, ni ya tatu.

Sidai kwamba kila fundo limefunguka. Usiku wa tatu wa Yona unaeleweka tu kama tukikubali kuwa "mchana na usiku" ni namna ya kuitaja siku. Kuna jambo gumu zaidi: kwa Marko, karamu ya mwisho ni ya Pasaka yenyewe, kwa Yohana, Yesu anasulubiwa siku ya maandalio ya Pasaka, na saa sita bado yuko mbele ya Pilato. Wapo wataalamu wanaosema pande hizo zilifuata kalenda tofauti; wengine wanaona Yohana alitaka kumwonyesha Yesu kuwa ndiye Mwanakondoo. Pilato alitawala Uyahudi kati ya mwaka 26 na 36, na wanaomfuata Yohana hutaja hasa Ijumaa mbili zinazoafikiana na mwandamo wa mwezi: 7 Aprili 30 na 3 Aprili 33.

Darasani nahitimisha kwa Paulo, kwa sababu barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, ya miaka ya 50, ni ya zamani kuliko Injili zote. Anasema anawapa kile alichopokea yeye mwenyewe: Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka siku ya tatu. Hataji Jumatano wala Ijumaa, na saa hazigusi kabisa. Anaorodhesha waliomwona. Kwa Wakristo wale wa mwanzo, ushahidi ulikuwa watu hao, na wengi wao, anasema Paulo, walikuwa bado hai na wangeweza kuulizwa.