Ziwa Mweru: fedha ziende kwenye mlingoti

Kashikishi, mji ulioshikana na Nchelenge kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru, nchini Zambia, huishi kwa samaki. Chisense, dagaa wa huku, huvuliwa usiku kwa taa, huanikwa juani, kisha hupakiwa kwenda Copperbelt na Lubumbashi. Dagaa mkavu hahitaji kipimajoto. Mwenye tabu ni pale (hilo ni jina la samaki wa jamii ya sato). Akiuzwa mbichi hutakiwa alale kwenye barafu, karibu na sifuri, tangu mtumbwini hadi sokoni, na mnunuzi wa mjini Mansa hawezi kujua kwa macho kama barafu iliyeyuka njiani ikaongezwa upya. Zahanati nazo zina hofu ya namna hiyo: chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8.

Kupima si kazi. Kihisi aina ya DS18B20, kidude cha nyaya tatu kinachouzwa dola chache tu, husoma joto kwa tofauti isiyozidi nusu nyuzi. Kazi ni kuifikisha namba kwa mwenye mali. Vihisi vingi vya dukani hutumia Bluetooth, kwenye mawimbi ya GHz 2.4. Ukikifungia kimoja ndani ya friza, kuta za bati huyazuia mawimbi, na maji ya barafu inayoyeyuka huyanyonya. Mteja husema kimekufa, akanunua kingine chenye nguvu zaidi. Hapo ndipo fedha zinapopotea.

Hata mahali peupe, kuongeza umbali maradufu kunadai nguvu mara nne. Betri ndogo haina ubavu huo. Sheria nazo zinabana: Ulaya, vifaa vingi vya MHz 868 hufungwa kwenye miliwati 25. Zambia masafa yako chini ya ZICTA, mamlaka ya mawasiliano ya huko, na ni vyema kuiuliza kabla ya kuagiza mzigo.

Dawa ya kwanza haina gharama. Acha ncha ya kihisi ndani ya friza, pitisha waya wake mwembamba chini ya mpira wa mlango, redio na antena vibaki nje. Dawa ya pili ni LoRa, teknolojia ya redio iliyobuniwa na kampuni ya Cycleo ya Grenoble, Ufaransa, ambayo Semtech ya Marekani iliinunua mwaka 2012. LoRa husema polepole ili isikike mbali. Ukiishusha kutoka kasi ya juu hadi ya chini kabisa, umbali mahali peupe waweza kufika mara 5, lakini ujumbe uleule hukaa hewani zaidi ya mara 20, na betri ndiyo inayolipa. Muuzaji hodari wa kutaja kilomita mara nyingi huwa mvivu wa kutaja betri.

Dawa ya tatu ndiyo ningeiwekea fedha zangu: kimo. Antena ya mita 10 ufukweni na nyingine ya mita 2 kwenye boti, upeo wake juu ya maji ni kama kilomita 19. Ipandishe ya ufukweni hadi mita 30, upeo unafika kama 28. Ziwa lenyewe lina upana wa kilomita 50 hivi, kwa hiyo ng'ambo ya Kongo isahau. Lakini kwamba kimo hushinda nguvu kuna ushahidi: mwaka 2017 puto lililopaa kilomita 38 angani lilisikika kwa LoRa umbali wa kilomita 702, kwa miliwati 25 zilezile.

Kuna njia nyingine: kifaa kama ColdTrace cha shirika la Nexleaf, kilichotumika Kenya na Tanzania, hutuma taarifa za friji za chanjo kwa mtandao wa simu. Penye friji moja na simu inayoshika, hiyo inatosha. Lakini kila kifaa hutaka laini yake na salio lake. Kituo kimoja cha LoRa hupokea vihisi mamia, hivyo wauza barafu, wachuuzi na zahanati wanaweza kuchangia mlingoti mmoja, wenye sola yake. Mgao wa umeme wa ukame wa 2024 bado unakumbukwa.

Uvuvi hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari. Anayetaka kusimamisha mlingoti na kujaribu vihisi afanye hivyo miezi hiyo, kwa sababu tarehe 1 Machi mitumbwi hurudi majini.