Mchezaji wa Kulipwa au Mchezaji Mlipa Ada?

Wafasiri wa michezo ya uhusika ya mtandaoni hawana budi kuwa waangalifu, kwani humo kosa dogo la kauli hugeuza masharti yote. Katika RuneScape, mchezo wa Uingereza ulioanza mwaka 2001, kila mtu huruhusiwa kucheza. Lakini tangu 2002 baadhi ya maeneo, stadi na vifaa vimetengewa wanaolipa. Katika World of Warcraft asiyelipa hukomea ngazi ya 20.

Huyo anayelipa tumwiteje? “Mchezaji wa kulipwa” haifai kabisa: kwa wasomaji wetu huyo ni mwanasoka mwenye mshahara. Kauli ya kutendwa imegeuza njia ya fedha. “Mchezaji huru” nayo inapotosha, maana asiyelipa ndiye aliyefungwa zaidi. Na “mchezaji wa bure” ni karibu na tusi. “Mlipaji” peke yake humkumbusha mtumishi wa serikali Mlipaji Mkuu.

Zito zaidi ni “mwanachama”, jina ambalo wenye RuneScape humpa anayelipa. Mkulima wa Gorong'a, wilayani Tarime, akilisoma atafikiria ushirika: hisa, mkutano mkuu, kura. Mchezaji huyu hana hisa wala mkutano mkuu. Ada ikikoma, milango hufungwa. Kwa hiyo tunapendekeza mchezaji mlipa ada na mchezaji asiyelipa ada.

Kuhusu masharti yenyewe, tunatenganisha kikomo na kizuizi. Ngazi ya 20 ni kikomo. Eneo asiloweza kuingia ni kizuizi.