Misemo Haijengi Hoja

Kila muhula, kuanzia Mwingi hadi Wote, wazazi huniuliza swali lilelile: "Mwalimu, nimnunulie mtoto kijitabu gani cha misemo ili insha yake ipate alama?" Swali hili limenichosha. Mtoto mwenyewe yuko Gredi ya 8, na kinachomshinda ni insha ya hoja. Kijitabu hicho kitamzidishia tatizo.

Imani kwamba misemo huleta alama ni urithi wa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Hadi mtihani huo ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, insha ilikuwa na alama 40, na mara nyingi mtahiniwa alipewa mwanzo au mwisho wa kisa akikamilishe. Shule zikazoea kukaririsha mianzo: jua limechomoza, ndege wanaimba, mhusika ametoka shoti. Katika kisa, mapambo hayo yalivumilika. Katika hoja hayana kazi.

Chukua mada inayojulikana kote Ukambani: je, uchimbaji wa mchanga mitoni upigwe marufuku? Aliyekariri ataanza na "majuto ni mjukuu," aongeze methali tatu, amalizie na "maji yakimwagika hayazoleki." Ukurasa unajaa, nami sijui yuko upande gani, wala mchanga una kazi gani mtoni. Methali humkumbusha mtu jambo ambalo tayari analikubali. Haimgeuzi nia mwenye lori na mkopo wa kulipa, na insha ya hoja huandikiwa mtu kama huyo.

Mwenzake huandika kwa lugha ya kawaida: "Mchanga usichimbwe ovyo, kwa sababu ndio unaotuhifadhia maji mvua zikiisha." Huo ni msimamo wenye sababu. Kisha anathibitisha: mito yetu mingi ni ya msimu, maji hubaki kati ya chembe za mchanga, jua lisiyakaushe upesi, na wakati wa kiangazi watu huchimba humo wakapata ya kunywa. Mchanga ukiondolewa hadi kwenye mwamba, mafuriko hupita na maji yote. Akitaja kwamba Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya mchanga mwaka 2015, aeleze pia sheria hiyo inazuia madhara gani, kwani kuwapo kwa sheria si ithibati kwamba inafaa. Hapa wengi huanguka: wanataja jambo, kisha wanaliacha bila kulifunga kwenye hoja.

Halafu ampe mpinzani haki yake. Vijana hulipia wadogo zao karo kwa kupakia mchanga, na madarasa hayajengwi bila huo mchanga. Ndipo ajibu: uchimbwe kwa kiasi na mahali palipotengwa, maana mto ukibaki mwamba, kazi hiyo nayo imekwisha.

Basi, mzazi, weka pesa zako. Jioni muulize mtoto: unasema nini, kwa nini, umejuaje, na anayekupinga atasemaje? Mwalimu, wanafunzi wajadili kwanza kwa mdomo, hata kwa Kikamba, kisha wabadilishane pande. Mianzo ya kukariri ifute. Mwanafunzi, soma tahariri ya Taifa Leo, utafute msimamo na ushahidi. Andika msimamo wako kwa sentensi moja. Ukishindwa, usianze insha. Kila aya iwe na hoja moja. Methali ukiipenda sana, iweke mwishoni, baada ya kuthibitisha.