Tao la Titus Halikuwa Jeupe

Kwenye Via Sacra, njia ya kale ya Roma iliyopitiwa na majemadari waliorudi na ushindi, limesimama tao la mawe lenye kimo cha mita 15 hivi. Lilijengwa kumtukuza Kaisari Titus baada ya kifo chake mwaka 81. Ukipita chini yake, ukutani upande wa kusini utaona maandamano yake ya ushindi ya mwaka 71: watu wamebeba mabegani ngawira ya Hekalu la Yerusalemu, lililoteketezwa mwaka mmoja kabla. Ipo meza ya mikate ya wonyesho, zipo tarumbeta, na juu ya vichwa vyote kimeinuka kinara cha taa chenye matawi saba. Vyote hivyo leo vina rangi moja tu, rangi ya jiwe. Kwa kuwa ndivyo tulivyovikuta, tumezoea kudhani kwamba ndivyo Warumi walivyovitaka. Dhana hiyo si sahihi, tena inatupotosha, kwa sababu tao lisilo na rangi halisemi lile ambalo tao lililopakwa rangi lilisema.

Ushahidi wake ni mdogo kwa kipimo, lakini una uzito. Juni 2012, wataalamu walioongozwa na mwanahistoria Steven Fine wa Chuo Kikuu cha Yeshiva, New York, waliuchunguza mchongo huo kwa karibu. Mtaalamu wa uhifadhi kutoka Ujerumani, Heinrich Piening, alimulika jiwe kwa mwanga unaoonekana na mionzi ya urujuanimno, kisha akapima mwanga ulioakisiwa. Kila madini hufyonza sehemu yake ya mwanga na kurudisha iliyobaki, hivyo rangi inaweza kutambuliwa bila kukwangua hata chembe moja ya mchongo. Kwenye matawi na kitako cha kinara kulionekana mabaki ya udongo wa manjano. Udongo huo ni wa ukoo mmoja na ngeu ambayo seremala huitumia kupigia mstari: asili yake ni chuma kilichokwisha kuungana na oksijeni, kwa hiyo jua halina mengi ya kukifanya tena. Rangi zinazotokana na mimea na wadudu hupauka. Ya chuma hudumu. Ndiyo maana kilichosalia baada ya karne 19 ni hiki na si kingine.

Mtu makini atauliza: mabaki kwenye kinara kimoja yanawezaje kulivika tao zima rangi? Hayawezi peke yake, na yeyote atakayekuambia vazi la kila askari lilikuwa la rangi gani amevuka mpaka wa ushahidi. Lakini tao hili halisimami peke yake. Sanamu ya Augustus iliyofukuliwa Prima Porta mwaka 1863 ilitoka ardhini ikiwa bado na rangi. Kupaka mawe yaliyochongwa ilikuwa desturi ya kawaida ya Warumi, na anayedai kwamba fundi wa tao hili aliacha jiwe tupu ndiye anayepaswa kuleta uthibitisho. Zaidi ya hayo, manjano haya yamekutwa mahali panapotarajiwa. Josephus, mwandishi Myahudi wa zama zile zile, aliyaeleza maandamano hayo, na anasema kinara kilikuwa cha dhahabu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: huenda jiwe lenyewe si la kale. Katika Enzi za Kati, tao liliingizwa ndani ya ngome ya ukoo wa Frangipane, na mwanzoni mwa miaka ya 1820 msanifu Giuseppe Valadier alilivunja na kulijenga upya. Mwandishi Mfaransa Stendhal alinung'unika kwamba kilichobaki ni nakala tu. Malalamiko hayo naona hayamtendei haki Valadier. Sehemu zilizokosekana alizijaza kwa travatini badala ya marumaru, na nakshi zake akazifanya sahili, ili jicho litofautishe cha kale na kipya. Sehemu kubwa ya pande za nje ni kazi yake, lakini michongo ya ndani ya njia ni ile ile ya Warumi. Na ndiko manjano yalikopatikana.

Sasa urudishe manjano hayo mahali pake. Ndani ya njia kuna kivuli, na mpita njia anautazama mchongo kutoka chini, kwa pembeni. Katika jiwe la rangi moja, kinara kinapotea kati ya vichwa na mabango. Kikiwa cha manjano, kinamvuta macho kabla hajamwona askari hata mmoja. Kwa hiyo habari kuu ya ukuta ule ilikuwa dhahabu, na nani ameichukua. Si mbali kutoka hapo upo Ukumbi wa Colosseum. Mwaka 1995 mwanahistoria Géza Alföldy alisoma upya maandishi ya ukumbi huo yaliyopotea kwa kufuata matundu yaliyoshikilia herufi za shaba, akapata kwamba ulijengwa kwa mali ya ngawira. Mrumi aliyepita chini ya tao aliona mali ilivyoingia mjini, kisha akaona ilikojengewa. Kwa Myahudi wa Roma, dhahabu ile ile ilikuwa msiba uliotundikwa njiani.

Wapo wanaochukizwa na picha za kompyuta zinazolirudishia tao rangi, wakisema zinang'aa kupita kiasi. Huenda zinang'aa kweli, maana kompyuta hupaka rangi bapa mahali ambapo fundi angeweka tabaka juu ya tabaka. Hilo ni kosa la picha, halifuti udongo uliopimwa. Mapenzi yetu kwa weupe yana historia yake pia: Winckelmann, mwanahistoria wa sanaa wa Ujerumani aliyeandika mwaka 1764, alifundisha kwamba mwili mzuri huzidi uzuri kadiri unavyozidi weupe, na Ulaya ikamsikiliza. Mwaka 1949 Israeli ilipochagua nembo ya taifa, umbo la kinara lilichukuliwa kutoka ukuta huu huu. Kimechorwa cheupe, juu ya buluu. Manjano yake yalikuwa bado na miaka 63 ya kungoja.