Mgeni Aliyejificha Tumboni

"Mjomba, mbona tumbo linaniuma na chakula hakipandi?"

Swali zuri, mwanangu. Kuuliza si ujinga. Kaa hapa nikusimulie.

Tumbo lako ni chungu. Ndani mna tindikali kali ya kusaga chakula. Mbona haikili chungu chenyewe? Kwa sababu chungu kimepakwa ute mzito kwa ndani. Ila yupo mgeni anayejificha humo kwenye ute. Msikie:

"Mimi ni bakteria, naitwa Helicobacter pylori. Tindikali hainiwezi! Natengeneza amonia, naizima pale nilipo. Kwa watu wengi nakaa kimya. Kwa wengine nakichubua chungu mpaka kinatoka vidonda."

"Mjomba, nani alimgundua?"

Wewe kweli una akili ya kudadisi! Zamani madaktari walisema vidonda vya tumbo huletwa na mawazo mengi na pilipili. Mwaka 1979, mjini Perth, Australia, Robin Warren akawaona bakteria hao kwa hadubini. Mwenzake Barry Marshall akaungana naye. Wakajaribu kuwaotesha maabara. Wapi! Pasaka ya 1982 ikafika, vyombo vikaachwa humo siku kadhaa zaidi. Waliporudi, bakteria wameota! Kumbe walihitaji muda tu.

Wengi hawakusadiki kwamba bakteria hao ndio huleta vidonda. Basi mwaka 1984 Marshall akafanya nini? Akanywa bakteria hao! Wewe usithubutu. Haikuchukua siku nyingi, akaanza kutapika. Alipopimwa, tumbo lilikuwa na uvimbe na bakteria wamo. Mwaka 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel.

"Kwa hiyo na mimi ninaye?"

Hilo halijulikani kwa kukutazama, mwanangu. Tumbo la kijana huuma kwa mengi: choo kigumu, minyoo, hedhi, dawa za maumivu, hata wasiwasi wa mtihani. Na maumivu ya wasiwasi nayo ni maumivu ya kweli. Ndiyo maana tunapima. Mgeni huyu hutafutwa kwenye choo au kwenye pumzi. Akipatikana, daktari hutoa antibiotiki zaidi ya moja, pamoja na dawa ya kupunguza tindikali. Unamaliza dozi, hata ukijisikia umepona.

"Nimwambie nini daktari?"

Mwambie linauma saa ngapi. Kabla ya kula au baada ya kula? Linakuamsha usiku? Nguo zimeanza kukupwaya? Lakini maumivu yakihamia chini upande wa kulia, au tumbo likikaza, au ukitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje kesho. Amsha wakubwa, mwende hospitali saa hiyo hiyo.

Usione haya, na usinyamaze. Ukisema mara moja usisikilizwe, sema tena. Haya, tuanze sasa hivi. Linauma kwenye chembe cha moyo, kitovuni, au chini zaidi? Nionyeshe kwa kidole kimoja.