Kusasisha Mfumo wa Kompyuta wa Hospitali Bila Kusimamisha Huduma

Kutoka Handeni hadi Korogwe ni takribani kilomita 65. Mjamzito anayepewa rufaa usiku kati ya miji hiyo huhitaji gari, muuguzi wa kumsindikiza na kumbukumbu zake: kundi la damu, mzio wa dawa, na dawa alizokwisha kupewa. Pale kumbukumbu hizo zinapohifadhiwa katika kompyuta, swali la lini mfumo uzimwe kwa marekebisho haliwahusu mafundi peke yao. Linamhusu pia mgonjwa aliye njiani.

Kwa nini programu isasishwe

Miongozo ya tiba hubadilika, na programu haina budi kuifuata. Aidha, programu iliyozeeka huwa na mianya ya kiusalama. Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa marekebisho ya kuziba mwanya mmoja wa Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo programu hasidi ya WannaCry ilienea kwa kupitia mwanya huo kwenye kompyuta ambazo hazikuwa zimesasishwa. Katika England, taasisi zisizopungua 80 kati ya 236 za huduma ya afya ya umma ziliathirika, na miadi mingi ya wagonjwa ikafutwa. Kuahirisha marekebisho kwa kuogopa kusimamisha huduma kunaweza, basi, kuleta usimamaji mkubwa zaidi.

Kundi la seva hufanyaje kazi

Seva ni kompyuta inayohifadhi taarifa na kuzihudumia kompyuta nyingine. Mfumo unaotegemea seva moja husimama seva hiyo inapozimwa. Kwa sababu hiyo, mifumo muhimu huwekwa kwenye seva kadhaa, mara nyingi tatu, zenye nakala zilezile za taarifa. Mbele yake huwekwa kigawa kazi kinachoelekeza kila ombi kwenye seva iliyo tayari.

Kusasisha hufanywa kwa zamu, kama wauguzi wanavyopokezana wodini bila wodi kufungwa. Kigawa kazi huacha kupeleka maombi mapya kwenye seva ya kwanza, nayo humaliza kazi ilizoanza. Kisha husasishwa, hupimwa, na kungojewa hadi ipate taarifa zote zilizoingia ilipokuwa nje. Hapo ndipo hurudishwa kazini, na zamu ya pili huanza.

Masharti mawili hayana mjadala. Kwanza, seva mbili zinazobaki ziweze kubeba mzigo wote. Ikiwa kila moja ya zile tatu hutumia asilimia 80 ya uwezo wake, mbili zitaelemewa. Mzigo wa kila moja usizidi theluthi mbili, na ni vyema uwe chini zaidi. Pili, zisitolewe seva mbili kwa wakati mmoja. Hifadhidata nyingi za aina hii huhitaji akidi, yaani zaidi ya nusu ya seva zikubaliane, kabla ya kupokea taarifa mpya. Katika kundi la tatu, seva moja pekee haina akidi.

Hatari ya matoleo mawili

Wakati wa zamu hizo, toleo la zamani na jipya hufanya kazi bega kwa bega, na hapo ndipo penye hatari kwa mgonjwa. Tuseme toleo la zamani huandika uzito wa mtoto mchanga kwa kilo, 3.2, na jipya huandika kwa gramu, 3200. Endapo yote mawili yataandika mahali pamoja, kipimo cha dawa kinachokokotolewa kwa uzito kinaweza kukosewa mara elfu.

Njia salama ni kuongeza sehemu mpya ya gramu bila kuigusa ile ya kilo. Toleo jipya huandika sehemu zote mbili, na sehemu ya zamani huondolewa tu baada ya seva zote kusasishwa na taarifa kuhakikiwa. Kwa utaratibu huo, kasoro ikigunduliwa katikati, toleo la zamani linaweza kurudishwa bila kupoteza taarifa.

Seva nyingi si mbadala wa nakala rudufu. Taarifa ikifutwa kimakosa katika seva moja, hufutwa katika zote. Nakala iliyotengwa ichukuliwe kabla ya kusasisha, na ijaribiwe kama inaweza kurejeshwa.

Wajibu wa watumishi na wagonjwa

Kundi la seva haliwezi kuzuia kukatika kwa mtandao wenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora nchini Tanzania na katika nchi jirani. Seva zilizo mbali zingeweza kuwa nzima, lakini hazifikiki.

Kwa hiyo kila kituo kiwe na rejesta za karatasi zilizo tayari. Mfumo unaporudi, taarifa ziingizwe kwa saa halisi ya huduma, si saa ya kuziingiza, kwani dozi inayofuata huhesabiwa kutokana na saa hiyo. Mafundi wawajulishe watumishi siku ya kusasisha, na mtumishi anayeona kipimo kisicho cha kawaida siku hiyo akihakiki kabla ya kutoa dawa, kisha atoe taarifa.

Mgonjwa naye atunze kadi ya kliniki na barua ya rufaa, na ataje mzio wake kila anapofika, hata kama anaamini kwamba umekwisha kuandikwa katika kompyuta.