Kalamu ya Padri na Bunduki ya Askari

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi, liko swali la siku nyingi ambalo kila nchi hulijibu kwa namna yake: je, mtu wa dini ana haki ya kusema juu ya siasa? Wapo wanaodai kwamba kazi ya padri ni madhabahu na kazi ya askari ni bunduki, na kwamba kila mmoja akibaki mahali pake nchi itakuwa salama. Historia ya Rwanda yaonyesha kwamba jambo hilo si jepesi hivyo. Yaonyesha pia kuwa swali hilo lamhusu askari kuliko anavyodhani, kwa maana neno linaloandikwa gazetini au kutamkwa redioni mara nyingi huishia mikononi mwa mtu mwenye silaha.

Mfano ulio bora ni maisha ya Padri André Sibomana, aliyezaliwa mwaka 1954, akapewa upadri mwaka 1980, na kuanzia mwaka 1988 akawa mhariri wa gazeti la Kinyamateka. Gazeti hilo la Kanisa Katoliki lilianzishwa mwaka 1933. Liliandikwa kwa Kinyarwanda na kusambazwa kwa njia ya parokia, hivyo likafika milimani ambako magazeti mengine hayakufika. Nguvu yake ilijulikana tangu zamani. Katikati ya miaka ya 1950 mhariri wake alikuwa Grégoire Kayibanda, ambaye baadaye alikuja kuwa Rais wa nchi.

Wakati Sibomana anashika kazi hiyo, Kanisa na dola walikuwa wamekaa kiti kimoja. Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikuwa kwa miaka mingi mjumbe wa Kamati Kuu ya MRND, chama pekee kilichoruhusiwa. Ilikuwa vigumu basi kwa mwamini kutofautisha sauti ya mimbari na sauti ya chama. Sibomana alikataa mchanganyiko huo, ila hakusema kwamba dini inyamaze. Alisema kinyume chake: imani isiyojali njaa ya jirani, wala hongo ya mkubwa, wala mtu anayefungwa bila hatia, ni imani iliyokufa. Kinyamateka likaandika habari za njaa iliyowapata watu wa kusini mwaka 1989, wakati wakuu walipotaka isitajwe. Likaandika pia juu ya ulaji wa mali ya umma. Mwaka 1990 mhariri huyo na wenzake walifikishwa mahakamani kwa sababu ya makala zao, nao wakasimama kutetea waliyoyaandika.

Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1990, katika nchi hiyo hiyo, kalamu nyingine iliandika kwa shabaha iliyo tofauti kabisa. Mwezi Desemba gazeti la Kangura lilichapisha kile lilichokiita Amri Kumi za Wahutu. Waandishi wake waliazima umbo la Maandiko Matakatifu ili kupanda chuki. Moja ya amri hizo ilitaka jeshi liwe la Wahutu peke yao; nyingine ilitaka Watutsi wasihurumiwe tena. Hapo ndipo inapofaa kila askari atafakari. Waliotaka kuangamiza watu walijua kwamba hawataweza bila kuliharibu jeshi kwanza, kulitoa katika kuwa jeshi la taifa na kulifanya jeshi la kabila. Ndiyo sababu jeshi lilitajwa waziwazi katika orodha yao.

Matunda ya mbegu hiyo yalionekana mapema. Tarehe 3 Machi 1992 redio ya taifa ya wakati ule ilitangaza taarifa ya uongo, ikidai kwamba Watutsi wamepanga kuwaua viongozi wa Kihutu. Mara baada ya hapo mamia ya watu wakauawa huko Bugesera. Mwanamke wa Kiitalia aliyekuwa akiishi Nyamata, Antonia Locatelli, alizieleza redio za nje mambo aliyoyaona kwa macho yake. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi alipigwa risasi na askari wa jandarmeri, yaani na mtu aliyevaa sare kwa ajili ya kuwalinda raia. Katika miaka hiyo Sibomana na wenzake walianzisha chama cha kutetea haki za binadamu, ADL, wakakusanya majina, tarehe na mahali pa mauaji. Silaha yao ilikuwa karatasi na ushahidi.

Maonyo hayo hayakusikilizwa. Tarehe 7 Aprili 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza, na siku hiyo hiyo mapadri na walei waliokuwa katika Centre Christus, Remera, hapa Kigali, waliuawa na askari. Makanisa ambayo tangu zamani yalikuwa kimbilio yakageuzwa machinjio. Sibomana alinusurika, na baadaye mwaka huo akawekwa kuwa msimamizi wa jimbo la Kabgayi, kwa kuwa askofu wake, Thaddée Nsengiyumva, alikuwa ameuawa tarehe 5 Juni huko Gakurazo pamoja na Askofu Mkuu wa Kigali, askofu wa Byumba na mapadri kadhaa. Hao waliuawa na askari wa RPF waliokuwa wakiwalinda. Mwaka 2008 mahakama ya kijeshi iliwahukumu maafisa wawili kwa tendo hilo, na wengine wawili ikawaachilia.

Katika miaka iliyofuata msimamo wa Sibomana ulipata mtihani mgumu zaidi. Alidai waliofanya mauaji ya kimbari wahukumiwe, kwa maana msamaha usio na haki ni kumpiga aliyenusurika kwa mara ya pili. Lakini karibu na Kabgayi, katika jela ya Gitarama, maelfu ya mahabusi walisongamana mahali palipojengwa kwa mamia tu, wakafa kwa maradhi na kwa kukosa hata nafasi ya kukaa. Padri huyo alisema kwamba mtuhumiwa naye ni binadamu mpaka hakimu aseme neno lake, na hata baada ya hapo. Kwa sababu hiyo wengine walimwona msaliti upande huu, na wengine walimwona msaliti upande ule.

Wahenga walisema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hiyo ni methali ya kambini hasa, na utii ni nguzo ya jeshi. Lakini utii una mpaka wake. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipoanzisha mahakama ya kimataifa kwa ajili ya Rwanda, tarehe 8 Novemba 1994, liliandika kwamba amri ya mkubwa haimwondolei mtu hatia. Katika mahakama hiyo, iliyokaa Arusha, Kanali Théoneste Bagosora alitiwa hatiani mwaka 2008. Miaka mitano kabla yake, mwaka 2003, walikuwa wametiwa hatiani wenye kalamu: mhariri wa Kangura pamoja na wakuu wawili wa redio ya RTLM. Sheria ilitamka hivyo kwamba aliyeamuru, aliyechochea na aliyefyatua risasi wote wataulizwa.

Padri Sibomana alifariki tarehe 9 Machi 1998, hajatimiza miaka 45. Alikuwa mgonjwa, na ruhusa ya kwenda kutibiwa nchi za nje hakuipata kwa wakati. Mwaka uliotangulia kilikuwa kimetoka kitabu cha mazungumzo yake kwa Kifaransa, nacho kilichapishwa baadaye kwa Kiingereza. Jina lake ni wito wa kuendelea kuitumainia Rwanda. Ni jambo la kustaajabisha kwamba mtu aliyeona mengi kiasi hicho alichagua neno la tumaini.

Tumaini hilo halikai katika vitabu peke yake. Linakaa katika kituo cha polisi usiku, pale askari wa zamu anapoandika kitabuni jina la aliyekamatwa, saa aliyoingia na sababu ya kukamatwa kwake, ili asije akapotea. Linakaa kwa mkuu wa kikosi anayeuliza, kabla ya kutoa amri, kama anaweza kuieleza amri hiyo mbele ya hakimu mchana kweupe. Linakaa kwa askari anayemsikiliza mwananchi aliyeleta malalamiko, wala hamwulizi kwanza ametoka kabila gani. Padri hakubeba bunduki wala hakudai kuibeba. Alichodai ni kwamba mwenye bunduki awe na dhamiri, na dhamiri haitolewi ghalani pamoja na sare.